Rumaliza, mtu aliyeshindwa na milima yetu

Kila tunapogusa historia ya nchi hii katika mazungumzo ya baada ya darsa, swali moja halikosi kurudi: ingekuwaje kama Rumaliza angemshinda Mwami Mwezi Gisabo? Wako wanaojibu haraka kwamba leo Waislamu tungekuwa wengi Burundi. Mimi sikubaliani nao. Lakini kwa kuwa wengi wetu tunalijua jina bila kumjua mwenyewe, nianze na maisha yake.

Aliitwa Muhammad bin Khalfan bin Khamis Al-Barwani. Alizaliwa katikati ya karne ya 19 katika ukoo wa Kiomani uliokuwa umeota mizizi Lindi, pwani ya kusini ya Tanzania ya leo. Rumaliza ni jina alilopewa bara, maana yake mtu anayemaliza, na jina la namna hiyo mtu hapewi kwa ukarimu wake. Alikuwa mfuasi wa tarika ya Qadiriyya. Alikuwa pia mfanyabiashara wa pembe za ndovu na wa watu. Nayaweka haya pamoja makusudi, kwa sababu vitabu vya wamisionari hupenda kutaja la pili tu, na baadhi yetu tungependa kutaja la kwanza tu.

Alipanda alipoingia ubia na Hamed bin Muhammed Al-Murjebi, yaani Tippu Tip. Katika miaka ya 1880 Tippu Tip alikuwa bwana wa Manyema, naye Rumaliza akashika Ujiji. Kutoka bandari hiyo watu wake walipanda na ziwa hadi Uvira na Uzige, nchi ambayo baadaye ulijengwa mji wa Bujumbura. Mapadre Weupe walijaribu kukaa Uzige mwaka 1884, lakini kituo chao hakikudumu mbele ya nguvu zake.

Hapo ndipo alipokutana na Mwezi Gisabo, na hapo swali letu lina uzito. Mwami huyu, aliyetawala tangu karibu 1852, hakuwa na nchi iliyotulia. Upande wa mashariki koo za Batare zilikuwa hazimtii, na huku uwandani watemi wa Uzige walikuwa na mambo yao. Rumaliza alikuwa na bunduki, mashua na fedha. Ukihesabu silaha tu, utasema angeshinda.

Lakini ukisimama Carama ukatazama mashariki utaona kilichomzuia. Uwanda wa Imbo ni tambarare, mtu mwenye gobori anatembea atakavyo. Baada ya hapo milima inasimama ghafla, na huko juu kulikuwa na watu wengi, wenye mikuki na pinde, waliojua kila bonde. Rumaliza alishambulia zaidi ya mara moja, akarudishwa. Biashara ya watumwa iliyomaliza vijiji vya Manyema haikuweza kupanda Burundi ya ndani.

Wanafunzi wa historia huuliza swali kama hili juu ya Hannibal wa Carthage, aliyewavunja Warumi Cannae mwaka 216 kabla ya Masihi, akashindwa Zama mwaka 202. Mji wake ulibomolewa mwaka 146, na karibu yote tunayosoma juu yake yameandikwa na watu wa upande wa Roma. Rumaliza naye ameandikwa na mapadre na maofisa wa Kibelgiji. Ni haki kuwasoma kwa tahadhari. Hata hivyo, kitabu cha maisha ya Tippu Tip, alichokisimulia mwenyewe kwa Kiswahili, hakifichi vita wala mateka. Huyo hakuwa padre.

Basi tuseme ameshinda. Angetawala kwa muda gani? Mwaka 1892 vita vilizuka kati ya Wabelgiji na Waarabu wa Kongo. Kasongo ilianguka Aprili 1893. Rumaliza alivuka na watu wake kwenda kupigana na Dhanis, ila Januari 1894 kombora liliwasha moto boma lake, na siku chache baadaye Kabambare ikatekwa. Yeye akakimbilia upande wa Wajerumani. Hao nao walijenga boma Usumbura mwaka 1897. Dola yake ya Burundi isingefika hata miaka 15, na katika miaka hiyo babu zetu wangetembezwa kwa minyororo hadi Tabora na Bagamoyo.

Ndugu mmoja amenipinga kwa hoja nzuri: mbona Kasongo na Manyema Uislamu ulibaki? Kweli, ulibaki, na Wamanyema ni miongoni mwa waliojenga Buyenzi yetu. Lakini ulibaki kwa walimu na kwa waliosilimu, baada ya mabwana wa bunduki kuondoka. Isitoshe, hadi leo neno umuswahili katika Kirundi lina kivuli cha mtu mjanja wa kutiliwa shaka. Kama Rumaliza angepanda milima ile, kivuli hicho kingekuwa kizito mara ngapi?

Mzee mwenyewe aliishia kugombana na mbia wake. Alimshtaki Tippu Tip katika mahakama ya Wajerumani kwa ajili ya mali ya ubia wao, akashinda, na baadaye akaishi Zanzibar. Mwaka 1908, barua iliyodaiwa kutoka Makka ilipoenea pwani na kufika Lindi, Wajerumani walimhusisha nayo. Mwezi Gisabo alifariki Agosti ya mwaka huohuo. Wakati huo, karibu na boma la Usumbura, Waswahili waliotoka Ujiji na Manyema walikuwa tayari wanaswali, bila Rumaliza kuwatangulia.