Gerty Cori: Mwanamke aliyefumbua siri ya ghala la sukari mwilini

Na MWANDISHI WETU

GERTY Theresa Cori alikuwa mwanamke wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba, mnamo mwaka wa 1947. Mwaka uo huo, kabla ya kusafiri hadi Stockholm kuipokea, aligunduliwa kuwa na maradhi ya uboho ambayo hayakuwa na tiba. Aliishi nayo kwa miaka kumi bila kuiacha maabara.

Alizaliwa Prague mnamo Agosti 15, 1896, enzi ya himaya ya Austria na Hungary. Huko ndiko alikosomea udaktari, na ndiko alikokutana na mwanafunzi mwenzake, Carl Cori. Walioana mwaka wa 1920, na mnamo 1922 wakahamia Buffalo, Marekani.

Ugenini, Carl aliheshimiwa. Mkewe alivumiliwa tu. Alionywa kwamba angefutwa kazi asipoacha kufanya utafiti pamoja na mumewe. Hata chuo kikuu kimoja kilichomtaka Carl kilimpa sharti hilo hilo, naye akakataa. Walipojiunga na Chuo Kikuu cha Washington, mjini St Louis, mwaka wa 1931, Carl alikuwa profesa naye Gerty msaidizi wa utafiti mwenye ujira mdogo. Uprofesa aliupata mwaka wa 1947, alipokuwa na umri wa miaka 50. Ajabu ni kwamba utafiti wenyewe ulikuwa wa wote wawili tangu mwanzo.

Walichokuwa wakitafuta ni jinsi mwili unavyotumia akiba yake ya sukari. Tunapokula, sukari ya ziada huhifadhiwa katika ini na misuli ikiwa glikojeni. Mwili unapohitaji nguvu, kimeng'enya kiitwacho fosforilasi huimegua akiba hiyo. Wana Cori walitambua kuwa kimeng'enya hicho kina sura mbili: "a", ambayo hufanya kazi yenyewe, na "b", ambayo hulala hadi iamshwe na molekuli ndogo iitwayo AMP.

Katika miaka ya 1940 walipata kimeng'enya kingine kinachoigeuza "a" kuwa "b", yaani kinachofunga mlango wa ghala. Walikiita PR, wakidhani kwamba kinaibandua AMP kutoka kwa fosforilasi. Walipoitafuta AMP hiyo, hawakuiona. Fumbo hilo lilidumu takriban miaka kumi. Mnamo 1955 na 1956, Earl Sutherland na wenzake, pamoja na Edmond Fischer na Edwin Krebs, walionyesha kwamba kinachobandikwa na kubanduliwa ni fosfeti. PR ilikuwa fosfatasi ya protini. Sutherland na Krebs walikuwa wamepitia maabara ya wana Cori, kwa hivyo jibu lilitoka kwa wanafunzi wa nyumba ile ile.

Baadaye ilibainika kuwa fosfatasi hiyo haifanyi kazi kiholela. Mtu akishakula ugali wake, glukosi huongezeka katika ini na kujishikiza kwenye fosforilasi "a". Umbo lake hubadilika, fosfeti iliyokuwa imejificha ikawa wazi, na fosfatasi ikaiondoa kwa urahisi. AMP hufanya kinyume: ikijishikiza, huikinga fosfeti isiondolewe. Hivyo basi, ini hupima sukari kwa kutumia fosforilasi yenyewe. Tena, fosforilasi "a" huizuia fosfatasi kuamsha kimeng'enya kinachounda glikojeni. Mpaka "a" ipungue, ini halianzi kuweka akiba mpya. Kumega na kuhifadhi haviendi pamoja, la sivyo nguvu zingepotea bure.

Katika miaka yake ya mwisho, Gerty aligeukia watoto wanaozaliwa na kasoro ya kuhifadhi glikojeni. Mnamo 1952, yeye na mumewe walionyesha kwamba aina moja ya ugonjwa huo husababishwa na upungufu wa kimeng'enya kimoja katika ini. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa wa kurithi wa aina hiyo kuhusishwa na kimeng'enya mahsusi.

Alifariki Oktoba 26, 1957. Sutherland alitunukiwa Nobel mwaka wa 1971, nao Fischer na Krebs wakaipata mwaka wa 1992 kwa kazi ya kubandika na kubandua fosfeti.