Wito wa Johann Ludwig Krapf

Soma kwa ajili ya somo hili: Yer. 1:4–10, Mdo. 16:6–10, Mwa. 23.

Huko Msuka, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba, yako magofu ya msikiti wa kale. Katika mihrabu yake umechongwa mwaka 816 wa Hijra, yaani 1414 kwa hesabu yetu. Basi watu wa pwani hii walikuwa wamesali, wamesoma na kuandika kwa zaidi ya miaka mia nne wakati jahazi moja lilipoipita Pemba mwanzoni mwa Januari 1844, likitoka Mombasa kwenda Unguja. Ndani yake alikuwamo Mjerumani wa miaka 33, Johann Ludwig Krapf, pamoja na mkewe Rosine. Hakuna aliyewaalika. Hata shirika lililomtuma, Church Missionary Society la Uingereza, halikumtuma huku. Lilikuwa limempeleka Ethiopia, na Ethiopia ilikuwa imemfungia mlango.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, mtoto wa mkulima. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja jirani alimpiga vibaya kwa kosa la mtoto mwingine, naye akaugua kwa muda wa miezi sita. Kitandani hakuwa na la kufanya ila kusoma, na kitabu alichokipenda ni Biblia, hasa habari za mababu katika Agano la Kale. Wakati wa mavuno, akiwa amepata nafuu, aliwasimulia wavunaji shambani habari za Ibrahimu na Yusufu, mpaka wengine wakamwambia baba yake kwamba kijana huyu atakuwa mchungaji. Huenda walisema kwa mzaha tu.

Njia ya shule ilifunguka kwa jambo dogo mno. Dada yake alitumwa mjini kununua kalenda, akaingia nyumba isiyokuwa ile aliyoelekezwa, akakutana na mjane wa mchungaji ambaye mwanawe alisoma katika shule ya Kilatini. Mazungumzo ya hao wawili ndiyo yaliyompeleka Ludwig shuleni. Huko alipata kitabu cha ramani, akaona kwamba upande wa mashariki ya Afrika palikuwa karibu patupu, majina machache tu. Alitaka kujua kwa nini. Akaazima vitabu vya msafiri James Bruce juu ya Ethiopia, akaamua kwamba atakuwa nahodha wa meli. Baba yake hakuwa na fedha za mafunzo hayo.

Siku moja mkuu wa shule aliwasomea wanafunzi karatasi juu ya kazi ya umisionari. Krapf hakuwa amewahi kusikia habari hizo, akaanza kujiuliza kama yeye naye aende kwa mataifa. Wakati wa likizo ya Pasaka alitembea kwa miguu hadi Basel, Uswisi, kwenye chuo cha wamisionari. Akaambiwa bado ni mdogo. Mwaka 1827 alirudi, akapokelewa.

Hadithi nyingi za wito huishia hapo, nasi hupenda ziishie hapo. Ya Krapf haikuishia. Miaka miwili baadaye aliacha chuo cha Basel. Alikuwa amezama katika vitabu vya watu waliofundisha kwamba jambo kuu ni maisha ya ndani ya roho, akaingiwa na shaka kama Mungu kweli amemwita. Akasoma theolojia Tübingen, akawa mchungaji msaidizi. Katika mahubiri fulani alisema kwamba ulimwengu umefikia saa zake za mwisho. Wakubwa wa kanisa wakamkemea, naye akaacha kazi, akawa mwalimu wa watoto nyumbani mwa watu. (Ni miaka ileile ambayo mkulima William Miller alianza kuhubiri jambo hilo huko Marekani, kuanzia 1831. Krapf hakuwa Mwadventista, lakini neno la mwisho wa nyakati lilimgharimu mkate wake.) Aliyemrudisha njiani ni mmisionari Mswidi, Peter Fjellstedt. Mwaka 1837 akaondoka kwenda Ethiopia.

Linganisha miaka iliyofuata na safari ya Paulo katika Mdo. 16:6–8. Alifukuzwa Tigrai mwaka 1838. Alikaa Shoa, akajifunza lugha, akatoka mwaka 1842, na njia ya kurudi ikafungwa. Katika kujaribu kurudi, Rosine alijifungua mtoto wa kwanza kabla ya wakati, na mtoto huyo akafa. Ndipo Krapf akageuzia uso wake pwani ya Waswahili.

Unguja, Sultani Seyyid Said alimpa barua kwa maliwali wake, akiwaagiza wamtendee vema mtu huyu mwema anayetaka kuwaongoza watu kwa Mungu. Mei 1844 Krapf na mkewe walikuwa Mombasa. Tarehe 8 Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia alikuwa kadhi wa mji. Inafaa kulikumbuka hilo: Maandiko ya Kiswahili yalianza kwa Mkristo na Mwislamu kuketi pamoja juu ya ukurasa mmoja. Sura tatu za kwanza zilichapwa Marekani mwaka 1847.

Mwezi mmoja baada ya kuanza kazi hiyo, Rosine alijifungua binti. Homa ikamshika mama, ikamshika na baba. Krapf alikuwa hoi kiasi kwamba mkewe alipokata roho hakuwa na nguvu ya kumtunza. Siku chache baadaye mtoto naye akafa. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Soma Mwanzo 23: ardhi ya kwanza ambayo Ibrahimu aliimiliki katika nchi ya ahadi ilikuwa kaburi la mkewe. Krapf aliwaandikia wakubwa wake London kwamba sasa pana kaburi la mmisionari katika pwani ya Afrika Mashariki, nalo ni ishara kuwa vita vimeanza, basi walete watu wengine.

Walimletea Johannes Rebmann mwaka 1846, na mwaka huohuo wakajenga Rabai. Wengi waliwasikiliza kwa adabu, wakaenda zao. Miongoni mwa waongofu wa kwanza alikuwa kiwete mmoja, Mringe, aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Wawili hao hawakuelewana sikuzote. Krapf alitaka kusafiri na kupanga mstari wa vituo kuvuka Afrika nzima. Rebmann alitaka kukaa mahali pamoja na kungoja. Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf aliuona Mlima Kenya, na wataalamu wa Ulaya hawakumwamini alipotaja theluji. Mwaka 1853 afya ilimshinda, akarudi Ujerumani. Rebmann alibaki Rabai hadi 1875, akaondoka kipofu.

Krapf alirudi mara moja tena, mwaka 1862, kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo cha Ribe. Miaka yake ya mwisho ilipita Korntal, mezani, juu ya maneno ya Kiswahili aliyoyakusanya tangu siku zile za Mombasa. Tarehe 26 Novemba 1881 alikutwa amekufa, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi yake ilitoka London mwaka uliofuata.