Harry Ferguson: Mtoto wa mkulima aliyelipa trekta dogo nguvu za kubwa

WAKULIMA wengi wanapokwenda kununua trekta hutazama kwanza ukubwa wa tairi, kisha huuliza nguvu farasi. Wachache huzunguka nyuma na kuinama kuangalia mikono mitatu inayobeba plau. Hata hivyo, hapo nyuma ndipo inapoamuliwa kama fedha yao itarudi au itapotea.

Aliyeipa dunia mikono hiyo mitatu ni Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland ambaye alifariki mwaka 1960. Jina lake limebaki kwenye matrekta mekundu ya Massey Ferguson, ambayo yamelima Afrika Mashariki kwa muda mrefu kiasi kwamba wengi hudhani Massey Ferguson lilikuwa jina la mtu mmoja. Ukweli ni kwamba hayo ni majina ya kampuni mbili zilizoungana. Maisha ya huyu wa pili yana mafunzo kwa mkulima anayetafuta trekta la kwanza, na pia kwa mfanyabiashara anayeamini maneno ya mdomo.

Kijana aliyekimbia jembe

Ferguson alizaliwa Novemba 4, 1884 katika kijiji cha Growell, jimbo la Down, sehemu ambayo leo ni Ireland ya Kaskazini. Alikuwa mtoto wa nne kati ya watoto 11 wa mkulima. Kazi za shamba hakuzipenda. Mwaka 1902 alikwenda kufanya kazi kwa kaka yake Joe, ambaye alikuwa na karakana ya baiskeli na magari mjini Belfast.

Huko ndiko kipaji chake kilipoonekana. Alitengeneza ndege yake mwenyewe, na Desemba 31, 1909 aliirusha huko Hillsborough, akawa mtu wa kwanza kuruka na ndege ya injini katika nchi ya Ireland. Mwaka 1911 alifungua biashara yake ya magari Belfast, na baadaye akaanza kuuza matrekta yaliyotoka Marekani.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyomrudisha shambani. Chakula kilikuwa haba, na mwaka 1917 serikali ilimtaka asimamie matumizi ya matrekta Ireland ili ekari nyingi zaidi zilimwe. Akiwa na fundi wake, Willie Sands, alizunguka mashamba akionyesha na kurekebisha mashine. Alichokiona hakikumfurahisha.

Tatizo la matrekta ya wakati ule

Matrekta mengi ya wakati huo yalikuwa mazito, na yalikokota plau kwa mnyororo au kwa chuma cha kuvutia, kama ng'ombe avutavyo. Trekta lilikuwa limechukua tu nafasi ya farasi. Uzito ule uligandamiza udongo, ulikula mafuta, na kwenye ardhi yenye maji ulizamisha mashine. Kugeuza kwenye kona ya shamba dogo ilikuwa shida, kwa sababu plau ilifuata nyuma kama tela.

Baya zaidi ni kwamba matrekta yaliua watu. Plau ikinasa kwenye jiwe au kisiki, tairi za nyuma ziliendelea kusukuma wakati plau imekataa kusogea. Pua ya trekta iliinuka, na lote likapinduka kinyumenyume juu ya dereva. Trekta la Fordson, lililouzwa kwa bei nafuu na kwa wingi sana, lilijulikana kwa ajali za aina hiyo.

Watengenezaji wengi walijibu kwa kuongeza uzito mbele. Ferguson aliona kwamba kosa halikuwa katika wepesi wa trekta bali katika namna plau ilivyounganishwa. Aliamini kwamba trekta na plau lazima viwe kitu kimoja.

Jibu lilichukua zaidi ya miaka 15. Alianza na plau zilizoshikana na trekta. Mwaka 1925 alishirikiana na ndugu wawili wa Marekani, Eber na George Sherman, kuzitengeneza huko Evansville, jimbo la Indiana, kwa ajili ya Fordson. Mwaka 1926 alipata hataza ya kutumia oili yenye msukumo kutawala kina cha plau. Mwaka 1928 Ford iliacha kutengeneza Fordson Marekani, na soko lake likafa kwa uamuzi wa mtu mwingine. Ferguson akaamua kutengeneza trekta lake mwenyewe, na mwaka 1933 la majaribio lilikuwa tayari, limepakwa rangi nyeusi.

Mikono mitatu inavyofanya kazi

Mfumo wake una mikono miwili ya chini inayovuta na kuinua, na mmoja wa juu. Plau inapokutana na udongo mgumu, hutaka kujipindua kuelekea mbele, na hivyo husukuma ule mkono wa juu. Msukumo huo huikandamiza pua ya trekta ibaki chini. Wakati huo huo hugusa vali, pampu ikasukuma oili, na mikono ya chini ikainua plau kidogo.

Plau ikiinuliwa, uzito wake pamoja na uzito wa udongo iliyoubeba huhamia kwenye tairi za nyuma. Maana yake ni kwamba kazi inapozidi kuwa ngumu, tairi nazo huzidi kushika ardhi. Plau ikigonga kisiki, mfumo huondoa uzito huo na tairi huzunguka bure badala ya trekta kupinduka. Trekta jepesi likaweza kufanya kazi ambayo zamani ilihitaji chuma kingi.

Mwaka 1936 trekta la kwanza la mfumo huo, Ferguson-Brown, lilianza kutengenezwa Uingereza na kampuni ya David Brown. Liliuzwa pauni 224, na kila zana pauni 26. Wakulima walilisifu lakini walisita kununua. Bei ilikuwa juu ya Fordson, na plau walizokuwa nazo nyumbani hazikuingia kwenye mikono mitatu. Aliyenunua trekta alilazimika kununua na zana upya. Ni takriban matrekta 1,350 tu yaliyotengenezwa.

Somo hilo halijapitwa na wakati. Bei ya trekta si bei ya injini pekee. Piga hesabu ya plau, haro, mashine ya kupandia na tela kabla hujalipa, maana trekta lisilo na zana halina tofauti na gari lililoegeshwa uani.

Mkono uliopeanwa bila karatasi

Mwaka 1938 Ferguson alisafirisha trekta lake kwa meli hadi Marekani na kulionyesha kwa Henry Ford, nyumbani kwa tajiri huyo huko Dearborn. Lilishindanishwa na matrekta mengine papo hapo na likashinda. Kisha viti na meza vililetwa shambani, Ferguson akatoa kitrekta kidogo cha kuchezea na kumweleza Ford jinsi mfumo unavyofanya kazi. Wakakubaliana kwamba Ford atengeneze na Ferguson auze. Walipeana mikono, na hakuna kilichoandikwa.

Trekta lililotokana na makubaliano hayo, Ford-Ferguson 9N, lilitoka mwaka 1939 kwa dola 585. Kufikia mwaka 1947, pamoja na mdogo wake 2N, yalikuwa yametengenezwa zaidi ya 300,000. Wenye mashamba madogo waliokuwa bado na farasi walipata mashine waliyoimudu.

Lakini wazee hufa na warithi huja na hesabu zao. Mjukuu wa Ford, Henry Ford II, aliposhika kampuni aliona biashara ya matrekta inawatia hasara. Makubaliano yalivunjwa mwaka 1947, na Ford ikatoa trekta lake la 8N lenye mikono mitatu ile ile. Siku moja Ferguson alikuwa na bidhaa ya kuuza Marekani, siku ya pili mawakala wake hawakuwa na kitu.

Alifungua kesi akidai dola milioni 251. Kesi ilidumu miaka minne, na Aprili 1952 ilimalizwa nje ya mahakama kwa dola milioni 9.25. Fedha hizo zilihusu matumizi ya uvumbuzi wake uliokuwa na hataza. Karatasi za hataza zilimlipa, makubaliano ya mdomo hayakumlipa kitu. Mkulima anayelima kwa mkopo, au wawili wanaochangia kununua trekta moja, wakumbuke jambo hilo. Urafiki ni mzuri, lakini mkataba uandikwe.

Trekta la kijivu

Wakati huo Ferguson alikuwa tayari ameanza upya. Kuanzia mwaka 1946 kampuni ya Standard Motor ilimtengenezea trekta la TE20 katika kiwanda cha Banner Lane, mjini Coventry, Uingereza. Lilipakwa rangi ya kijivu, na hadi mwaka 1956 yalikuwa yametoka zaidi ya 500,000. Injini yake ilikuwa na nguvu farasi kati ya 20 na 30, na uzito wake ulikuwa takriban kilo 1,100, sawa na magunia 11 ya mahindi ya kilo 100.

Ferguson hakuuza trekta peke yake. Aliuza na zana za aina nyingi, akaanzisha shule ya mafunzo huko Stoneleigh, na kila trekta lilitoka na spana iliyochorwa inchi ili mkulima apimie marekebisho ya plau yake. Aliamini kwamba chakula kikizalishwa kwa gharama ndogo, bei ya kila kitu itashuka.

Katika miaka hiyo hiyo serikali ya Uingereza ilikuwa ikitumia mashine kubwa kufyeka pori la Kongwa, Tanganyika, katika mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947. Mradi ule uliachwa mwaka 1951 baada ya kupoteza mamilioni ya pauni. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo mvua haba na udongo uliokauka kama saruji. Ukubwa wa mashine haukuweza kuziba pengo la kutoijua ardhi.

Mwaka 1953 Ferguson aliunganisha kampuni yake na Massey-Harris ya Kanada. Walipotofautiana kuhusu dola milioni 1 katika bei, walirusha sarafu. Ferguson alishindwa akapokea milioni 16 badala ya 17. Mwaka uliofuata aliondoka, na mwaka 1958 kampuni ikaitwa Massey Ferguson. Januari mwaka huo huo Edmund Hillary alifika Ncha ya Kusini ya dunia akiwa na matrekta ya Ferguson. Ferguson alifariki Oktoba 25, 1960 akiwa na umri wa miaka 75.

Kwa anayenunua leo

Hataza za Ferguson zimekwisha muda, na mikono mitatu sasa ipo karibu kwenye kila trekta dogo, liwe limetoka India, China au Japani. Hata hivyo, si kila lenye mikono mitatu linajua kutawala kina. Mengine huinua na kushusha tu. Kabla ya kununua, uliza kama mfumo wa kuhisi ugumu wa udongo upo na unafanya kazi, kisha omba plau ifungwe na ulime mbele ya muuzaji. Ukinunua lililotumika, inua plau, zima injini na usubiri. Ikishuka haraka, oili inavuja ndani na matengenezo yanakusubiri.

Trekta dogo lina mipaka. Shamba jipya lenye visiki, au udongo ulioshikana tangu kiangazi, litalitesa. Kwa shamba safi la ekari chache, bustani ya umwagiliaji au kazi ya tela, litajilipa mapema kuliko kubwa linalokaa bila kazi nusu mwaka.

Faida nyingine ya wepesi ni usafiri. Anayelima kwa kukodisha hulipwa kwa ekari, si kwa kilomita. Trekta kubwa la nguvu farasi 70 lina uzito wa zaidi ya tani 2, wakati dogo la tani 1 na ushee hubebwa na lori la tani 3 pamoja na plau yake.

Ila kupakia kuna hatari. Tumia ngazi imara, pana na isiyosimama wima, na panda kwa gia ndogo bila kubadilisha katikati. Likipanda kwa mbele huku plau ikining'inia nyuma, pua huwa nyepesi na laweza kupinduka. Ondoa plau na uipakie peke yake. Likishakaa, funga breki, weka kabari, na ufungie minyororo kwenye fremu na ekseli, mbele na nyuma, kamwe si kwenye vyuma vya usukani.

Mwisho, mikono mitatu haimkingi dereva anayevuta kisiki kwa mnyororo uliofungwa juu, kwenye ekseli au kwenye mkono wa juu. Kinga ya Ferguson hufanya kazi zana ikiwa imeunganishwa ipasavyo. Kitu cha kukokota kifungwe chini, kwenye chuma cha kuvutia. Ukikifunga juu, umerudi kwenye ajali zile zile za mwaka 1917 ambazo mtoto huyu wa mkulima alitumia maisha yake kuzizuia.