Kabalega na Mlango Uliobaki Wazi

Niko Mesaimeer, huku Doha, ambako joto linatuchoma lakini tunasonga mbele. Mimi ni Mnyoro wa Hoima, kwa hiyo nilipotakiwa kuandika maisha ya mtu maarufu wa zamani sikuumiza kichwa. Nikasema ni Omukama Kabalega tu, basi. Ila kwanza nikiri jambo linalonionea aibu kidogo.

Hapa Mesaimeer kuna eneo lenye makanisa ya madhehebu mengi, yote yamekaa pamoja na nje hayana msalaba hata mmoja. Wengi wetu tunasali Ijumaa, maana ndiyo siku ya mapumziko, na baada ya ibada watu wa Uganda tunabaki kupiga stori. Ijumaa moja nilikutana na mzee mmoja, dereva, Mlango wa Dokolo. Nikamtania kwamba kwao ndiko mfalme wetu alikokamatiwa. Mzee hakucheka. Aliniuliza kwa upole kabisa, kabla ya kukamatwa huyo mfalme wenu alikuwa anakula kwa nani?

Nikakosa jibu. Ndugu zangu, nimesoma habari za Kabalega tangu shule ya msingi, lakini sikuwahi kujiuliza alifikaje Lango na alikaa huko kwa hisani ya nani. Nyumbani kwetu jina la Lango lilitajwa kwa kununa. Obote, aliyefuta falme zetu mwaka 1967, alikuwa Mlango, na kwa wazee wetu kesi ilikuwa imekwisha hapo. Basi nimerudi kuyasoma maisha haya upya, na nawaletea nilichokipata.

Kabalega alizaliwa mwaka 1853, mtoto wa Omukama Kamurasi. Baba alipofariki mwaka 1869, Kabalega alipigania kiti na kaka yake, Kabigumire. Alikuwa bado kijana, na wakubwa wengi hawakuwa upande wake. Kati ya waliomsaidia kushinda walikuwa wapiganaji wa Kilango waliovuka Nile. Kwa hiyo urafiki huo ulianza mapema, kabla hata hajavaa taji mwaka 1870.

Mwaka 1872 akaja Samuel Baker, Mwingereza aliyetumwa na mtawala wa Misri. Mwezi Mei, pale Masindi, akapandisha bendera na kutangaza kwamba Bunyoro sasa ni mali ya Misri. Hebu fikiria, mgeni amekaribishwa uani, halafu anakutangazia kuwa nyumba ni yake! Juni vita vikalipuka. Baker akaichoma Masindi moto na kukimbilia kaskazini.

Kabalega alipata somo. Aliunda jeshi la kudumu, Abarusura, lililogawanywa katika vikosi nchi nzima. Halikuwa jeshi la Wanyoro peke yao. Walikuwamo Walango, Waacholi, na hata Waganda waliotoroka kwao. Mwaka 1886 jeshi hilo liliwashinda Waganda kule Rwengabi. Lakini tusimfanye malaika. Abarusura waliwapora wakulima, na ukimuuliza Mtoro juu ya Kabalega atakupa hadithi nyingine kabisa, maana nchi yake ilivamiwa na kuumizwa sana.

Kisha wakaja Waingereza wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1893 Kanali Colvile aliingia Bunyoro na askari wa Kisudani pamoja na maelfu ya Waganda. Kabalega aliona kwamba kusimama uwanjani mbele ya bunduki za namna ile ni kujiua, akageukia vita vya kuvizia na kukimbia. Vijiji vilichomwa, mashamba yakaharibiwa, njaa na maradhi vikafuata. Sehemu kubwa ya nchi ikapewa Buganda. Mwaka 1895 alivuka Nile akaingia Lango.

Hapa ndipo swali la yule mzee linapouma. Kwa karibu miaka minne, mtu aliyesakwa na dola kubwa kuliko zote duniani alikuwa anaingia na kutoka Lango. Hakuwa na ufalme tena wa kumlipa mtu. Mwaka 1898 Waingereza walimweka mwanawe, Kitahimbwa, kwenye kiti chake, na baba bado yuko porini. Mwanga wa Buganda, ambaye nchi yake ilikuwa adui mkubwa wa Bunyoro, naye akaasi na mwishowe akamfuata hukohuko. Wafalme wawili waliokuwa mahasimu wakaishia kuwa wageni katika nchi ambayo haikuwa na mfalme.

Tarehe 9 Aprili 1899 askari wa Kanali Evatt, pamoja na Waganda wa Semei Kakungulu, waliwafikia Kangai, katika Dokolo ya leo. Kabalega alipigana mpaka risasi ikampata mkononi, na mkono ule ukakatwa. Wote wawili walipelekwa pwani, kisha Kisimayu, kisha visiwa vya Seychelles. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliendelea kuishi uhamishoni, akabatizwa jina la Yohana, na akajifunza kusoma na kuandika akiwa mtu mzima mwenye mkono mmoja. Sisi tunaolalamikia mitihani tufikirie hapo.

Mwaka 1923 aliruhusiwa kurudi. Akafika Jinja, na hapo tarehe 6 Aprili akafariki. Zilibaki siku tatu tu itimie miaka 24 tangu akamatwe. Alifia penye mto uleule wa Nile aliokuwa ameuvuka kwenda Lango. Amezikwa Mparo, Hoima. Mwaka 2009 serikali ya Uganda ilimtangaza shujaa wa taifa.

Nilimrudia yule mzee Ijumaa iliyofuata, nikamwomba radhi. Akatania kwamba Waswahili hawakukosea kuwaita watu wa kwao Walango, kwa sababu mlango wao ulibaki wazi wakati ya wengine imefungwa. Akanikumbusha pia kwamba Obote huyohuyo ndiye aliyesimamia kura ya mwaka 1964 iliyoturudishia Buyaga na Bugangaizi. Hilo nalo nyumbani kwetu halikusemwa sana.

Wenzangu, tulioko nje tunajua vizuri maana ya kupewa sahani na mtu asiye wa kabila lako. Hapa Doha nimekopeshwa nauli na Mluo na nimeuguzwa na Mchaga. Ila tukipanda ndege kurudi, saa tano tu hadi Entebbe, tunashuka na makabila yetu mkononi kama mizigo. Mimi likizo ijayo nitafika Mparo kama kawaida. Lakini safari hii nitapita Kangai kwanza, nikawasalimu wenyeji na kusema asante iliyochelewa miaka mia na zaidi.