Al-Biruni: mwanachuoni aliyepima vito

Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa mwezi wa Dhul-Hijja mwaka 362 Hijria, sawa na Septemba 973 Miladia, katika mji wa Kath, nchi ya Khwarizm, ambayo leo imo ndani ya Uzbekistan. Wengi wanamjua kwa elimu ya falaki. Wachache wanajua kuwa aliandika kitabu kizima juu ya vito, na kwamba alifundisha namna ya kutambua jiwe la kweli. Elimu hiyo inatuhusu, maana pete na mikufu ni mali inayoingia katika mahari na mirathi ya watu wetu.

Mwalimu wake alikuwa Abu Nasr Mansur bin Iraq, mtu wa ukoo wa kifalme na bingwa wa hisabati. Mwaka 995 vita vilizuka Khwarizm, ukoo huo ukaangushwa, na kijana al-Biruni akakimbia. Alikaa Gurgan kwa mtawala Qabus, na huko akaandika kitabu kikubwa juu ya kalenda za mataifa. Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarizm, na al-Biruni akachukuliwa hadi Ghazna, katika Afghanistan ya leo. Kutoka huko alipata njia ya kuijua India. Alijifunza Kisanskriti akiwa mtu mzima, akaandika juu ya dini, hesabu na desturi za Wahindi. Katika kitabu hicho aliitaja bandari ya Somnath kuwa kituo cha wasafiri baina ya Sofala, nchi ya Zanji, na China. Kwa hiyo habari za pwani ya Afrika Mashariki zilimfikia.

Kitabu chake cha vito alikiandika uzeeni, zama za Mawdud bin Mas'ud, mjukuu wa Mahmud. Humo alieleza lulu, yakuti, zumaridi, almasi, feruzi na madini kama dhahabu na fedha: yanatoka wapi, yanauzwaje, na watu hudanganyana vipi.

Hakutegemea macho peke yake. Alitumia chombo chenye umbo la pia, kilichotoboliwa karibu na shingo na kuwekewa mrija. Chombo hujazwa maji mpaka mrijani, jiwe hutumbukizwa, na maji yanayomwagika hukusanywa na kupimwa. Maji hayo yana ujazo sawa na wa jiwe. Yakuti ina uzito wa karibu mara 4 ya maji ya ujazo huo, la'l nyekundu ya Badakhshan karibu mara 3.6, na bilauri mara 2.65. Mawe mawili mekundu yanayofanana machoni hutenganishwa na mizani.

Palikuwa na imani kwamba nyoka akiiona zumaridi macho yake huyeyuka. Al-Biruni aliijaribu: alimvisha nyoka mkufu wa zumaridi, akarudia jaribio kwa muda mrefu, katika joto na katika baridi. Nyoka hakudhurika kitu, naye akaandika alichokiona.

Aliandika pia juu ya moto. Yakuti nyekundu hustahimili moto, na wafanyabiashara waliichoma ili kuondoa weusi na kuing'arisha rangi. Mpaka leo yakuti nyingi sokoni zimechomwa, na zumaridi nyingi zimetiwa mafuta ili nyufa zisionekane.

Wapimaji wa sasa wana chombo ambacho al-Biruni hakuwa nacho: taa ya urujuanimno. Jiwe huwekwa gizani, kamera husimamishwa juu ya mguu wake, lenzi hufunikwa kwa kichujio kinachozuia mionzi ya taa, na picha hupigwa polepole. Mafuta ndani ya zumaridi mara nyingi huwaka rangi ya manjano, na nyufa zilizojazwa huonekana kama nyuzi. Mpimaji huvaa miwani, kwani mionzi hiyo inadhuru macho. Lakini taa nayo ina mipaka. Yakuti nyekundu huwaka wekundu, na spineli nyekundu, ile la'l ya zamani ambayo leo huchimbwa pia Mahenge nchini Tanzania, nayo huwaka wekundu. Hapo tunarudi kwenye mizani ya al-Biruni.

Jiwe lililochomwa si haramu kuuzwa. Kinachokatazwa ni kuficha. Muuzaji anayejua hali ya jiwe lake na kunyamaza amemghushi mnunuzi, na mke aliyepewa mahari ya kioo kwa jina la yakuti amepunjwa haki yake. Ni vyema kumuuliza sonara kabla ya kulipa, na kutaka aandike katika risiti jina la jiwe na lilichofanyiwa.

Al-Biruni alifariki Ghazna karibu na mwaka 440 Hijria. Yaqut al-Hamawi amesimulia kuwa faqihi mmoja alimtembelea akiwa katika kukata roho, naye akamtaka amfafanulie masuala ya mirathi ya bibi. Faqihi alimhurumia, akaona si wakati wake. Mgonjwa akaona ni bora kuiaga dunia akiyajua kuliko akiwa hayajui. Faqihi akamweleza, naye akayarudia kwa usahihi. Alipotoka, hata hajafika mbali, alisikia vilio kutoka nyumbani humo.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie kupenda elimu na uaminifu katika biashara. Amin.