Kabaka Mutesa: Aliyepata bunduki kabla ya kupata adabu yake

Kila asubuhi maelfu ya watu huvuka Petite Barrière kati ya Gisenyi na Goma wakiwa na mizigo kichwani, mgongoni na kwenye baiskeli. Mfanyabiashara mzoefu wa hapa anajua kwamba bidhaa ngeni haiuzwi kwa bei peke yake. Anayemuuzia jirani jiko la gesi humwonyesha kwanza namna ya kufunga, ndipo amwonyeshe namna ya kuwasha.

Miaka zaidi ya 160 iliyopita, bidhaa iliyozungumzwa kuliko zote katika nchi za Maziwa Makuu ilikuwa bunduki. Nayo iliingia kwa njia ya biashara, katika misafara iliyobeba nguo, shanga na waya wa shaba. Kwa sisi tunaoishi kando ya Kivu, neno bunduki halileti kwanza picha ya mchezo. Hata hivyo, kulenga shabaha ni mchezo halali wenye viwanja, waamuzi na medali, na vijana wengi hutamani kujua unaanzia wapi. Ili kulijibu swali hilo, leo tunasimulia maisha ya Mutesa wa Kwanza, Kabaka wa Buganda. Yeye ni mmoja wa wanafunzi wa kwanza wa bunduki katika ukanda wetu ambao masomo yao yaliandikwa siku kwa siku.

Mtoto wa Suuna

Mutesa alizaliwa karibu na mwaka 1838, akiwa mmoja wa wana wengi wa Kabaka Suuna wa Pili. Jina lake la awali lilikuwa Mukaabya, maana yake mwenye kuliza watu. Alikua wakati ambapo wageni kutoka Pwani walikuwa wameanza kufika Buganda. Katika miaka ya 1840 mfanyabiashara Mwarabu, Ahmed bin Ibrahim, alifika katika ikulu ya baba yake. Baada yake wengine waliifuata njia ya Unyanyembe na Karagwe. Walileta nguo, shanga na magobori, wakaondoka na pembe za ndovu na, kwa masikitiko, watumwa.

Suuna alifariki mwaka 1856. Katika ushindani wa wana wa mfalme, Katikkiro Kayira, waziri mkuu wa wakati ule, alimuunga mkono Mutesa, kijana ambaye huenda hakuwa hata na miaka ishirini. Wakuu walidhani watamwendesha watakavyo. Walikosea. Ndugu zake wengi waliuawa ili kiti kisitikisike, na wazee waliojiona wakubwa kuliko mfalme waliondolewa mmoja baada ya mwingine.

Lakini kijana huyo alikuwa na kiu ya elimu. Kutoka kwa wafanyabiashara alijifunza Kiswahili na Kiarabu. Lugha hii unayoisoma sasa, msomaji, aliitumia kuzungumza na wageni na kuuliza habari za dunia. Baadaye alifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa na kuwahimiza wakuu wake wafanye hivyo.

Somo la kwanza, 1862

Februari 1862, Mwingereza John Hanning Speke alifika katika ikulu ya Mutesa kwenye kilima cha Banda, katika mji wa Kampala wa leo. Alikuwa anatafuta chanzo cha Mto Nile. Kwa desturi ya safari, alileta zawadi: hariri, saa ya dhahabu, darubini, kiti cha chuma na shanga. Zawadi zilizopendwa kuliko zote zilikuwa bunduki ya kisasa aina ya Whitworth, bastola, bunduki fupi tatu, na masanduku ya risasi na fataki.

Siku chache baadaye Kabaka alitaka kuona kazi ya vitu hivyo. Uani palikuwa na ng'ombe wanne wakitembea, naye akamtaka mgeni wake awapige upesi. Speke alitumia bastola ile ile aliyoitoa zawadi. Ng'ombe wa mwisho alijeruhiwa tu na akamgeukia mpigaji, ikabidi amalizwe kwa risasi ya tano. Watu wa ikulu walishangilia sana.

Kilichofuata ndicho sababu ya makala hii. Kwa maelezo ya Speke mwenyewe, Mutesa alishindilia moja ya zile bunduki fupi kwa mkono wake, akapandisha mtambo, akampa mtumishi mvulana na kumwagiza atoke ua wa nje akampige mtu. Mvulana alitoka. Mlio ukasikika. Akarudi akitabasamu kama mtoto aliyevua samaki wake wa kwanza. Kabaka alimuuliza kama kazi imefanyika vizuri, naye akajibu kuwa imefanyika vizuri sana. Hakuna aliyeuliza aliyeanguka ni nani.

Jina la mtu yule halijulikani hadi leo. Alikuwa nje ya ukuta, hakushindana na yeyote, hakujua kwamba ndani kuna majaribio. Mgeni alikuwa ameonyesha namna ya kupiga. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amefundishwa kwamba mtutu una upande wake wa kuelekea, wala kwamba mlenga shabaha huwajibika kwa kila kitu kilicho mbele yake na nyuma ya shabaha yake.

Masomo yaliendelea kwa miezi. Mutesa alifanya mazoezi kwa ng'ombe na kwa ndege waliotua juu ya miti, akirukaruka kwa furaha kila ndege alipoanguka. Aliomba baruti kila mara, na mwalimu wake aliitoa kwa kubania. Walikwenda hata ziwani kuwinda viboko. Tunaweza kusema Kabaka alikuwa mwanafunzi hodari, mwenye hamu na asiyechoka. Alichokosa ni uwanja wenye sheria na mtu wa kumwambia hapana. Nani angemwambia mfalme hapana?

Mwalimu naye

Speke aliondoka mjini kwa Kabaka mwezi Julai 1862, na mwishoni mwa mwezi huo akaona mahali ambapo Nile inatoka Ziwa Nyanza, alilolipa jina la malkia wake, Victoria. Alirudi kwao akiwa na sifa kubwa.

Tarehe 15 Septemba 1864, karibu na mji wa Bath nchini Uingereza, alikwenda kuwinda ndege na jamaa zake. Alipokuwa akivuka ukuta mfupi wa mawe, bunduki yake mwenyewe ilifyatuka na kumpiga kifuani. Alifariki pale pale, siku moja kabla ya mdahalo wake na Richard Burton kuhusu chanzo cha Nile. Wapo waliodhani alijiua, lakini uchunguzi rasmi ulisema ni ajali. Mtu aliyepiga bunduki tangu ujana wake alivuka ukuta na bunduki iliyojaa risasi. Katika kiwanja chochote cha kulenga shabaha leo, kosa hilo linatosha kumfukuzisha mshiriki siku hiyo hiyo, hata awe bingwa.

Mamba wa Usavara

Aprili 1875 alifika mgeni mwingine, Henry Morton Stanley. Safari hii Kabaka alikuwa mtu mzima, mwenye kikosi cha askari wa bunduki na wapambe waliozoea wageni. Alimpokea Usavara, kando ya ziwa, kwa mbio za mitumbwi na shangwe.

Hapo Mutesa alipanga jaribio ambalo sasa tungeliita shindano. Mamba mdogo alikuwa amelala juu ya mwamba, kama yadi 100 hivi, nusu mbali na watu. Kabaka alimtaka Stanley awaonyeshe watu wa nyumba yake jinsi wageni wanavyolenga. Stanley alipiga risasi moja nzito, na kichwa cha mamba kikakaribia kukatika. Watu wakaamini kwamba kila Mzungu hakosi shabaha, jambo ambalo si kweli hata kidogo.

Tazama tofauti na mwaka 1862. Safari hii umbali ulijulikana, shabaha ilikuwa moja, watazamaji walikaa upande mmoja, na nyuma ya shabaha palikuwa na maji. Huo ndio umbo la kiwanja.

Mwaka huo huo Mutesa alipigana na Wavuma wa visiwani. Alikuwa na jeshi kubwa, mitumbwi mingi, bunduki na hata mizinga midogo. Wavuma, wakitegemea zaidi mikuki na makombeo, walishikilia kisiwa cha Ingira kwa wiki nyingi. Vita viliisha baada ya Stanley kubuni ngome inayoelea, iliyojengwa juu ya mitumbwi mikubwa, ambayo iliwatisha wapinzani wakaomba amani. Wingi wa bunduki haukuwa sawa na ustadi wa kulenga.

Mwisho wa Kabaka

Miaka ya mwisho ya Mutesa ilikuwa migumu. Mwaka 1876 aliwaua vijana Waislamu waliokaidi amri zake kwa ajili ya imani. Wamisionari Waanglikana walifika mwaka 1877, na Wakatoliki mwaka 1879. Aliwasikiliza wote, akawagonganisha kwa hoja, na hakujifunga kwa yeyote. Wamisri walikuwa wakisogea kutoka kaskazini, na alijua kwamba kila mgeni anaweza kuwa rafiki au mlango wa adui. Ugonjwa ulimdhoofisha kwa miaka, na Oktoba 1884 alifariki. Mwanawe Mwanga alirithi kiti.

Mutesa alizikwa Kasubi, katika ikulu aliyoijenga mwaka 1882. Makabaka wengine watatu wamelala hapo pamoja naye. Nyumba kuu iliteketea kwa moto Machi 2010, ikajengwa upya. Mfanyabiashara wa Gisenyi anayekwenda Kampala kufuata mzigo anaweza kupita hapo.

Upande wetu wa milima

Wakati Mutesa akikusanya bunduki, Rwanda ya Kigeli wa Nne Rwabugiri iliwazuia kwa sehemu kubwa wafanyabiashara wa Pwani. Vijana katika itorero walifundishwa kurusha mkuki, kutumia upinde, kukimbia, kuruka juu na kusema kwa ufasaha. Mchezo wa kumasha, yaani kulenga shabaha kwa mishale, ulikuwa sehemu ya malezi. Kijana hakupewa silaha peke yake. Alipewa pamoja na mwalimu, wenzake wa rika na sheria za uwanja.

Lakini adabu peke yake nayo haikutosha. Rwabugiri alifariki mwaka 1895 akiwa katika safari ya vita kwenye Ziwa Kivu. Mwaka uliofuata, 1896, jeshi la Rwanda lilikutana huko Shangi, kusini mwa ziwa letu, na kikosi cha Dola Huru la Kongo kilichokuwa na bunduki. Lilishindwa, na jemadari wake Bisangwa akauawa. Mwaka huo huo wa 1896, huko Athens, kulenga shabaha kuliingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya kwanza ya kisasa. Mlio ule ule wa bunduki uliwapa wengine medali na wengine kaburi.

Anayetaka kuanza leo

Kijana anayetamani mchezo huu asianze kwa kutafuta bunduki. Aanze kwa kuuliza polisi na chama cha michezo cha nchi yake ni nini kinaruhusiwa, maana kila nchi ya Jumuiya ina sheria yake. Hata bunduki ya upepo usiivushe mpakani kama unavyovusha sambaza.

Akipata klabu yenye kibali, somo la kwanza halina risasi. Atafundishwa kuelekeza mtutu upande wa shabaha wakati wote, kuweka kidole nje ya kifyatuo hadi anapokuwa tayari kupiga, kutoijaza bunduki kabla ya amri, na kujua kilichoko nyuma ya shabaha. Mtu akivuka mstari, wote huweka silaha chini. Baada ya hapo ndipo huja kusimama, kupumua na kulenga.

Mashindano ya bunduki ya upepo ya Olimpiki hupigwa kwa umbali wa mita 10, na mchujo una risasi 60. Alama ya katikati ni nukta ya nusu milimita tu. Hapo nguvu na hasira havisaidii kitu. Na palipo na ugumu wa kupata bunduki halali, upinde upo: Olimpiki hupiga mita 70, na babu zetu waliujua mchezo huo bila kusoma popote.

Mutesa alikuwa na akili, hamu na fedha za kununua kilicho bora kuliko vyote katika msafara. Alianza kwa kuwasha, hakuna aliyemwonyesha kufunga. Gharama yake aliilipa mtu asiye na jina, aliyekuwa akipita nje ya ukuta.