Dawon Kahng: Msee aliyeifunza simu yako kukumbuka

Ushawahi kusimama kwa duka la simu, pesa mkononi, ukijiuliza kama utachukua ya GB 64 ama uongeze kidogo ubebe ya GB 128? Ama simu ikakataa kupiga picha kwa sababu imejaa, ikabidi uchague ni nani wa kufutwa? Basi tulia nikupe hadithi ya jamaa ambaye bila yeye hata hilo tatizo usingekuwa nalo. Anaitwa Dawon Kahng. Wahandisi wanamjua vizuri. Sisi wengine tunatembea na kazi yake mfukoni kila siku, na jina lake pengine ndio unalisikia leo.

Kahng alizaliwa Seoul tarehe 4 Mei 1931, wakati Korea bado ilikuwa koloni la Japani. Vita vya Korea vilipolipuka mwaka 1950, alikuwa na miaka 19. Hebu fikiria: ule umri wa kungoja barua ya chuo, yeye nchi yake inawaka moto. Alitumikia kikosi cha majini, akasoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul, kisha mwaka 1955 akahamia Marekani. Huko alisoma uhandisi wa umeme katika Ohio State, na kufikia 1959 alikuwa na shahada ya uzamifu.

Mwaka huohuo akaajiriwa Bell Labs, New Jersey, maabara ya kampuni ya simu ambako transista ya kwanza ilikuwa imezaliwa mwaka 1947. Akapangwa kufanya kazi na Mohamed Atalla, na hapa Afrika tuna la kujivunia, kwa maana Atalla alikuwa mzaliwa wa Port Said, Misri. Mkorea na Mmisri, wote wageni, wakapewa tatizo lililokuwa limewasumbua wengi: umeme kwenye uso wa silikoni haukuwa unatii. Atalla alikuwa amegundua kwamba ukiotesha ngozi nyembamba ya oksidi juu ya silikoni, ule uso unatulia. Juu ya ngozi hiyo wakaweka kipande cha chuma, wakakiita lango.

Lango hilo lichukulie kama bomba la maji la mtaa. Ukilipa umeme, mkondo unapita. Ukiutoa, mkondo unakatika. Hiyo ndiyo transista aina ya MOS, na chipu iliyo ndani ya simu yako ina mabilioni yake.

Unadhani walibebwa juu juu kwa shangwe? Wapi! Transista yao ilikuwa polepole kuliko zilizokuwepo, na wakubwa hawakuona maana yake. Mwaka 1961 Kahng aliandika ripoti ya ndani akieleza kwamba kifaa hiki ni rahisi kutengeneza na kinaweza kupangwa vingi kwenye kipande kimoja cha silikoni. Haikubadilisha kitu. Atalla akahepa kampuni. Kahng akabaki, akaendelea na kazi.

Sasa ikaja ile sehemu inayokuhusu wewe na picha zako. Transista ilikuwa na ugonjwa mmoja: umeme ukipotea, inasahau kila kitu. Kompyuta za wakati huo zilitumia vipete vidogo vya sumaku vilivyofumwa kwa nyaya kama shanga, ghali na vinakula nafasi. Kahng na mwenzake Simon Sze wakawa wanatafuta njia ya kuifanya silikoni yenyewe ikumbuke. Sze alikuja kusimulia kwamba wazo liliwajia kantini wakila keki ya matabaka. Walijiuliza itakuwaje wakiongeza tabaka moja zaidi katikati ya transista.

Wakaliongeza. Mwaka 1967 wakachapisha matokeo. Chini ya lango la kawaida waliweka lango la pili ambalo halijaunganishwa na chochote, limezungushiwa ukuta usiopitisha umeme. Lango linaloelea. Ukisukuma umeme wa nguvu, elektroni zinapenya ukuta na kuingia ndani. Ukizima, zinabaki zimefungiwa humo. Zikiwemo, transista inajibu tofauti na wakati hazimo. Hapo una sifuri na moja, na ukiwa na hizo mbili una wimbo, una video, una sura ya mamako.

Kifaa chao cha kwanza kilishika kumbukumbu kwa zaidi ya saa moja tu. Ni kama mzaha, ama? Lakini mlango ulikuwa umefunguka. Mwaka 1971 Dov Frohman wa Intel akatoa chipu iliyohifadhi data kwa lango la aina hiyo. Mwaka 1984 Fujio Masuoka wa Toshiba akatangaza kumbukumbu ya flashi, iliyoitwa hivyo kwa sababu inafuta eneo zima kwa mpigo mmoja, kama mwako wa kamera.

Kahng aliondoka Bell Labs mwaka 1988, akawa rais wa kwanza wa taasisi ya utafiti ya NEC huko Princeton. Tarehe 13 Mei 1992 akafariki baada ya upasuaji wa dharura, mshipa mkuu wa damu ulipopasuka. Alikuwa na miaka 61. Hakuwahi kuona mwaka 2005, Apple ilipoacha diski inayozunguka ya iPod mini na kuleta iPod nano ya flashi. Nano ilikuja na GB 2 au 4, wakati mini ilikuwa imefika 6. Watu walikubali nafasi ndogo ili wapate kitu chembamba kisichokufa kikianguka. Mwaka 2009 jina lake na la Atalla yakaingizwa pamoja katika Jumba la Kitaifa la Wavumbuzi Marekani. Yeye alikuwa kaburini miaka 17.

Mbona nakusumbua na haya yote? Kwa sababu ukielewa ule ukuta wa Kahng, utanunua vitu kwa akili. Kila unapoandika na kufuta, elektroni zinauchubua kidogo, kwa hivyo flashi ina idadi ya maisha yake. Na ukiiacha kwa droo miaka mingi bila umeme, chaji inavuja polepole. Tumetoka saa moja hadi miaka, lakini milele hatujafika.

Mimi nilijifunza vibaya. Nilinunua flashi ya bei ya kutupa, imeandikwa GB 128, nikahamishia picha zote za marehemu shosho, nikazifuta kwa simu. Kumbe ilikuwa feki: chipu ndogo iliyodanganywa iseme ni kubwa. Ilipojaa, ikaanza kuandika juu ya zile za zamani kimyakimya. Nimebaki na picha moja ya shosho, na hiyo ni kwa sababu binamu yangu alikuwa nayo kwa simu yake.

Kwa hivyo ukinunua kadi au flashi, ijaze yote kwanza na ufungue faili kuona kama ziko sawa, kabla hujaiamini. Ukichagua simu isiyo na sehemu ya kadi, chukua nafasi kubwa uwezayo, maana baadaye hutaongeza. Na picha ambazo ukizipoteza utalia, ziweke mahali pawili. Fanya hivyo leo jioni.